Siku za Pakiti na Siku za Shamba Lako: Bibi Shamba Anajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mahali mvua ni haba, nipande nini kinachokomaa upesi ili nipate fedha? Nimekuwa afisa ugani kwa miaka 26, na hata baada ya kustaafu bado nashika jembe langu mwenyewe. Nimechagua barua saba. Ndefu nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina ekari mbili za kichanga. Misimu miwili mfululizo nimepanda ndengu ambazo kwenye pakiti zimeandikwa siku 65. Mvua yetu huwa ya siku 50 hivi. Sina ng'ombe wa kulimia, hungoja jirani amalize kwake ndipo nikodi wake, kwa hiyo hupanda kama wiki tatu baada ya mvua kuanza. Mara zote mbili ziliota vizuri, zikachanua, halafu zikanyauka na maua yake. Je, nimeuziwa mbegu feki, au ardhi imechoka?

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili kisha nikachukua kalamu, maana umenipa tarakimu zote ninazozihitaji, na wengi hawanipi.

Tuhesabu pamoja. Mvua inaanza: hiyo ni siku ya kwanza. Wewe unapanda siku ya 21. Mvua inakatika siku ya 50. Kichanga hakihifadhi maji mengi. Mmea unaochanua, wenye mizizi ya nusu mita hivi, utapata humo maji ya siku 8 hadi 10, basi. Kwa hiyo unyevu wako unakwisha siku ya 60 au karibu na hapo. Toa zile 21 za mwanzo, unabaki na 39. Ndengu huchanua kati ya siku ya 35 na ya 45. Umeona? Maji yanakwisha palepale mmea unapoyataka kuliko wakati mwingine wowote. Mmea mchanga ungeweza kusimama ukangoja mvua nyingine. Mmea wenye maganda yaliyojaa usingekuwa na cha kupoteza. Wako unakamatwa katikati, na maua ndiyo hutupwa kwanza.

Mbegu yako haina kosa, na ardhi yako sioni sababu ya kuilaumu. Siku zimepotea mwanzoni.

Zile siku 65 za pakiti ni za kweli, lakini zinahesabiwa tangu kupanda hadi maganda ya kwanza yanapokauka, kwenye shamba lililopata maji kwa wakati. Ndengu (wengine mwaita choroko, wengine pojo) haziivi zote siku moja. Mchumo wa pili hufuata baada ya siku 10 hadi 14. Na mahali penye ubaridi siku huongezeka. Kwa hiyo ukisoma 65 kwenye pakiti, wewe andika 75 kwenye daftari lako, kisha ulinganishe na siku za unyevu za shamba lako: siku za mvua, ongeza zile ambazo udongo wako unahifadhi. Kichanga, 8 hadi 10. Tifutifu yenye mfinyanzi kiasi huweza kukupa zaidi ya wiki mbili. Hesabu hii ndiyo ningependa kila anayenisoma aifanye kabla hajatoa hata senti moja kununua mbegu.

Sasa ufanyeje? Usihangaike kutafuta mbegu ya siku 45, hutaipata. Tafuta zile siku 21. Mara tu unapomaliza kuvuna msimu huu, udongo ukiwa bado una unyevu kidogo, anza kuandaa shamba la msimu ujao. Si lazima ugeuze shamba lote. Pasua mistari tu kwa jembe la mkono, sentimita 45 kutoka mstari hadi mstari, na uache katikati pakiwa na mabaki ya mimea yanayokinga jua. Ekari moja iliyopandwa siku ya 3 itakulisha kuliko ekari mbili zilizopandwa siku ya 21. Hesabu tena: ukipanda siku ya 3, unyevu ukiisha siku ya 60 mmea una siku 57, maganda yamejaa, mengine yameanza kuwa meusi. Ukame ukija hapo unakusaidia kukausha.

Kwenye mstari acha sentimita 15 kati ya shimo na shimo. Hiyo ni kama mashimo 60,000 kwa ekari; ukitia punje mbili mbili utatumia kilo 7 au 8, kisha punguza miche ubakize mmoja. Najua inauma kung'oa mche uliouotesha mwenyewe. Ng'oa. Miche miwili kwenye shimo moja hunywa maji ya mmoja.

Na palizi ya kwanza isipite siku ya 18. Katika wiki nne za mwanzo kila gugu ni mdomo mwingine kwenye maji yaleyale machache. Palizi ya pili imalizike kabla ya maua, kwa sababu ukiingia na jembe wakati ndengu zinachanua unaangusha maua kwa nguo na kwa mpini.

Umeuliza mwishoni mwa barua (sehemu hiyo sikuichapa) kama uhamie mtama. Mazao ya nchi kavu yana njia mbili za kuishi. Kuna yanayokimbia ukame: ndengu na kunde, yanamaliza kazi kabla jua halijafika. Na kuna yanayouvumilia: mtama, ambao majani yake hujikunja ukasimama kimya ukingoja, na uwele, ambao hushusha mizizi chini sana na aina zake za mapema huwa tayari kwa siku 75 hadi 90. Mwenye ekari mbili anaweza kuwa na mkimbizi kwenye moja na mvumilivu kwenye nyingine. Ndivyo ninavyofanya mimi. Fedha ya haraka inatoka kwa ndengu, na mwaka mvua inapokatika wiki tatu katikati ya msimu, uwele ndio unaoniokoa.

Bibi Shamba, mimi ni dada wa miaka 24. Nina ekari moja na akiba kidogo. Rafiki yangu alipata fedha nyingi kwa tikiti maji, kwa siku 80 tu. Kuna kisima, navuta maji kwa kamba. Nataka kuweka akiba yote kwenye tikiti. Unanishauri nini?

Mwanangu, nakushauri upige hesabu ya maji kabla ya hesabu ya fedha. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ina mita za mraba 4,047. Zao lililokwisha tambaa na kubeba matunda, kwenye jua kali, hunywa kama milimita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 20,000 kwa siku kwa ekari yako. Yaani madumu 1,000 ya lita 20. Kila siku. Kwa kamba. Hata ukimwagilia kwenye mashina tu na ukaokoa nusu, bado ni madumu 500.

Sikukatazi tikiti. Nakukataza kuweka akiba yote kwenye tunda ambalo zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 zake ni maji, mahali ambapo maji ndiyo haba, na ambalo likiiva halikungoji: mnunuzi asipotokea wiki ile, linaozea shambani. Rafiki yako huenda ana pampu, au shamba lake liko bondeni. Muulize.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Karibu na kisima pima mita 10 kwa 5. Eneo hilo linataka lita 250 kwa siku, madumu 12 na nusu, mzigo ambao mtu mmoja anauweza asubuhi na jioni. Panda mchicha nusu, unaovunwa ndani ya wiki nne, na bamia nusu, ambazo huanza kuzaa karibu na siku ya 50 hadi 60 na huendelea kuzaa ukizichuma kila baada ya siku mbili. Hapo unapata fedha ndogondogo kila wiki. Sehemu iliyobaki, ile inayotegemea mvua, panda kunde na ndengu. Kunde zina fadhila ambayo watu huisahau: majani yake unaweza kuanza kuyachuma na kuyauza tangu wiki ya nne, kabla ya zao lingine lolote la mvua kukupa chochote. Lakini tenga: mistari ya majani na mistari ya punje. Kunde iliyonyonyolewa majani kila wiki haizai punje za maana, na nimeona wengi wakitaka vyote viwili kwenye mche mmoja wakakosa vyote.

Akiba yako weka nusu benki. Nasema kwa dhati, msimu wa kwanza ni wa kujua shamba.

Naweza kupanda mbegu niliyovuna mwenyewe?

Ndengu, kunde, mtama wa kawaida, uwele: ndiyo, kwa misimu kadhaa, ukichagua mashina mazuri yangali shambani. Chotara, ile mbegu ya dukani iliyozalishwa kwa kuchanganya aina mbili: hapana.

Ila mbegu yoyote, ya kwako au ya dukani, ijaribu kwanza. Hesabu punje 100. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje, kiweke kivulini, kinyunyizie kisikauke. Ndengu huonyesha mizizi siku ya 3. Siku ya 5 hesabu. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 60, ongeza punje shimoni. Zikipungua hapo, hiyo si mbegu.

Hili nimelilipia. Msimu mmoja nilikuwa na haraka, nikanunua mbegu kwa muuzaji niliyemwamini, pakiti nzuri, muhuri mzuri, nikapanda ekari tatu bila kujaribu hata punje kumi. Siku ya nane nilitembea mistari ile nikahesabu mche mmoja kila hatua tatu au nne. Nilipopata mbegu nyingine na kurudia, siku 18 za unyevu zilikuwa zimekwenda. Muuzaji alinirudishia fedha za mbegu. Zile siku hakuna aliyenirudishia. Kitambaa na punje 100 vingeniokoa, na tangu mwaka ule sijapanda bila kitambaa.

Ndengu zangu zina wiki tano, majani yamekuwa ya njano. Jirani ananiambia nitie urea. Nitie?

Ngoja kwanza. Ng'oa mche mmoja taratibu kwa koleo, usiuvute kwa mkono, kisha suuza mizizi ndani ya maji. Utaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kama nyama, bakteria waliomo wanafanya kazi: wanachukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea bure. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi.

Vikiwa vyekundu, urea itawalemaza tu, na njano hiyo ina sababu nyingine. Angalia kama maji yamesimama, au chini ya majani kuna vidukari. Vikiwa vyeupe au hakuna kabisa, msimu huu tia samadi iliyooza kando ya mstari, na msimu ujao paka mbegu bakteria wanaouzwa kwa ajili ya jamii ya kunde. Paka mbegu kivulini, panda siku ileile, kwa sababu jua linawaua.

Ardhi yangu imekuwa ngumu, juu ina ganda kama saruji. Mvua ikinyesha maji yote yanakimbia. Kuna zao la haraka linaloweza kuota hapo?

Zao lolote litashindwa mpaka uyazuie maji, ndugu yangu. Hapo fuata njia ya wakulima wa Burkina Faso inayoitwa zai. Mzee Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alianza kuiboresha karibu mwaka 1980 kwenye ardhi ambayo wenzake walikuwa wameikimbia, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Unachimba mashimo wakati wa kiangazi, kabla ya mvua: upana wa sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, udongo unaouchimbua unauweka upande wa chini wa mteremko uwe kama mdomo wa bakuli. Ndani unatia samadi konzi mbili au tatu. Samadi huvuta mchwa, nao hutoboa lile ganda gumu kutokea chini. Vishimo vyao ndivyo njia za maji. Watu wengi humwona mchwa ni adui. Kwenye ardhi iliyoganda yeye ndiye mkulima wa kwanza.

Sitakuficha, ni kazi nzito. Ukiweka shimo kila sentimita 80, ekari moja ni mashimo 6,300 hivi. Anza na robo ekari, kama 1,600. Ukichimba 40 kwa siku utamaliza kwa siku 40 za kiangazi. Panda uwele au mtama, punje chache kila shimo. Ndengu ziache kwa sasa, nafasi zake hazilingani na mashimo haya.

Mama, mimi ni mjane, ninalima ndengu na binti zangu wawili. Msimu uliopita tulivuna magunia manne. Bei ilikuwa chini, nikasema ningoje. Baada ya miezi mitatu mnunuzi alikuja, tukafungua gunia la kwanza, unga ukamwagika. Yote manne yalikuwa yamebunguliwa. Mnunuzi aliondoka bila kusema neno. Nilikuwa nimeahidi ada za watoto. Nilikosea wapi?

Dada yangu, pole. Pole sana. Ulifanya uamuzi wa busara, bei ya siku za mavuno huwa chini karibu kila mahali, na kungoja ni haki ya mkulima. Ulichokosa ni kuambiwa kwamba fukusi wale hawakuingia nyumbani kwako. Uliwabeba kutoka shambani.

Chukua ganda la ndengu lililokaa shambani wiki mbili baada ya kukauka, ulitazame juani kwa karibu. Utaona vidoa vyeupe vinavyong'aa, vidogo kuliko ncha ya sindano. Hayo ni mayai ya fukusi. Mama huyagandisha kwenye ganda, na baadaye ghalani huyagandisha juu ya punje yenyewe. Kiluwiluwi hutoboa chini ya yai moja kwa moja hadi ndani, kwa hiyo kwa nje huoni tundu, unaona punje nzima. Anakula ndani kwa ndani, kisha siku anayotoka akiwa na mabawa anaacha lile tundu la mviringo tulilolizoea. Kwenye joto, tangu yai hadi fukusi mzima ni kama mwezi mmoja.

Sasa hesabu yangu ileile ya siku. Tuseme majike 20 wameingia na magunia manne, na kila mmoja anataga mayai 40 yatakayofaulu, nusu yakiwa majike. Mwezi wa kwanza wanatoka fukusi 800. Mwezi wa pili, 16,000. Mwezi wa tatu, 320,000. Ulipofungua gunia ulikuta kizazi cha tatu. Kama ungefungua mwezi wa kwanza ungeona vitundu vichache ukadhani si kitu.

Kwa hiyo mambo ni haya, na nakuomba uyafanye na binti zako wote wawili ili hata siku wewe haupo wayajue. Maganda yakigeuka meusi, chuma. Usingoje shamba zima liwe jeusi; pita mara mbili au tatu. Chuma asubuhi mapema yakiwa na umande kidogo, yasipasuke mikononi na kumwaga punje. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Piga, peta, anika tena.

Kisha pima ukavu. Watu huuma punje kwa jino, lakini jino hudanganya. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Tia punje hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado ni mbichi, zirudishe juani. Chumvi ikiteremka yote chini na kioo kikabaki kisafi, ziko chini ya kiwango cha unyevu cha asilimia 15. Nami huongeza siku moja nyingine ya jua ili nikaribie 12 au 13.

Halafu hifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS au mingine ya aina hiyo: mifuko miwili ya plastiki nene ndani, na gunia la kawaida nje. Njia hii ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakifanya kazi na wakulima wa kunde wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni rahisi. Fukusi waliomo wanavuta hewa, oksijeni inapungua, hewa mpya haiingii. Mdudu huyu hanywi maji, hujitengenezea mwilini kwa kutumia oksijeni na chakula. Oksijeni ikikosekana anaacha kula na anakauka. Hakuna dawa yoyote. Jaza, toa hewa ya juu kwa kukandamiza, kunja na funga kila mfuko peke yake, wa ndani kwanza. Kabla ya kujaza puliza mfuko kama puto usikie kama unavuja. Ukishafunga usifungue kila wiki kuchungulia. Kila unapofungua unawapa fukusi pumzi.

Ukikosa mifuko hiyo, jua lipo. Tandaza plastiki nyeusi, juu yake punje unene usiozidi sentimita tatu, funika kwa plastiki angavu, kandamiza kingo zote kwa mawe. Ndani yake joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, yai, kiluwiluwi na fukusi mzima wote hufa. Mimi huacha saa mbili au tatu za mchana. Kwa mbegu ya kupanda, rudia kile kitambaa cha punje 100 baadaye.

Na jambo moja nalisema kwa nguvu zangu zote: vidonge vya kufukiza ghalani usiviingize ndani ya nyumba mnamolala. Hata kimoja. Vinatoa gesi inayoua watu kama inavyoua wadudu, na watoto ndio huanza.

Kuhusu ada: msimu huu usiweke yote. Gawanya siku ya mavuno. Gunia moja au mawili uza kwa bei iliyopo, ulipe kinachobana, na yanayobaki yangoje ndani ya mifuko. Usichanganye punje zinazong'aa na zisizong'aa gunia moja, mnunuzi huzishusha zote kwenye bei ya mbaya. Ukiweza kuungana na jirani watano wenye aina moja ya ndengu, mwiteni mnunuzi mmoja kwa mzigo mmoja, na mzani uwe wenu.

Niandikie baada ya mavuno. Nitaingojea barua yako.

Ndege wa kwelea wanamaliza mtama wangu. Kuna dawa?

Kundi likishakuja, ni macho na mikono tu. Kila ndege hula kama gramu 10 kwa siku, nao huja kwa maelfu. Panda siku zilezile wanazopanda majirani, ili hasara igawanyike na walinzi wawe wengi. Mtama unaoiva peke yake, wiki mbili kabla au baada ya wenzake, ndio huliwa wote. Vuna punje zikishakuwa ngumu, usizikaushie kwenye bua.

Ujumbe wa simu: Bibi, mvua ya kwanza imenyesha jana usiku. Kopo langu la kupimia mvua limeonyesha milimita 12. Shamba liko tayari. Nipande leo?

Hongera kwa kopo, na kwa shamba lililo tayari. Leo usipande ndengu. Chukua jembe, chimba sehemu tatu, moja mwinuko, moja katikati, moja bondeni. Milimita 12 kwenye udongo uliokauka hulowesha kiasi cha kiganja tu. Chini yake utakuta vumbi. Mbegu itaamka, itashusha mzizi, itakuta hakuna kitu, na itakufa siku ya 8 au ya 9 ikiwa mvua ya pili itachelewa. Kama una mtama au uwele wa kutosha, robo ya shamba unaweza kuthubutu. Mimi huthubutu kwa hizo mbili tu.

Ndengu zingoje hadi kopo lijumlishe milimita 25 hadi 30 ndani ya siku tatu au nne. Siku hiyo chimba tena pale pale, uingize mkono. Unyevu ukifika kutoka ncha za vidole hadi katikati ya kigasha, ita watu wako, anzeni alfajiri.